Ibara Inayosubiri Sheria: Kisenyi na Uzazi Chini ya Dola

Kisenyi iko bondeni, katikati ya vilima viwili vilivyogawana historia ya Kampala. Upande mmoja ni Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda. Upande wa pili ni Old Kampala, ambako Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwishoni mwa mwaka 1890. Anayeshuka basi Kisenyi leo hupokewa na ngurumo za mashine za kusaga mahindi, gereji, maduka na hoteli za Wasomali, na Soko la Owino haliko mbali. Lakini hadi miaka ya 1960 Kisenyi haikuwa ndani ya manispaa ya Kampala. Ilikuwa sehemu ya Kibuga, mji wa kifalme uliosimamiwa na serikali ya Mengo, huku ng'ambo ya mpaka Waingereza wakiendesha mji wao kwa kanuni zao za ujenzi, afya na makazi. Aliyekosa nafasi mjini, au aliyekatazwa, alivuka mpaka akapanga chumba Kisenyi. Mpaka huo unafaa kuwa mahali pa kuanzia simulizi ya jinsi dola lilivyojaribu kutawala uzazi wa wanawake wa Uganda, kwa sababu unaonyesha mbinu ambayo imedumu kuliko serikali zote zilizoitumia. Wanawake hawakuzuiwa moja kwa moja, wala hawakuruhusiwa. Waliachwa pale ambapo hakuna kanuni iliyo wazi, na kila mwenye mamlaka anaweza kusema atakavyo.

Dola la kikoloni lilianza kuutazama uzazi kwa jicho la ugonjwa na upungufu wa watu. Malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka Ziwa Viktoria tangu mwanzo wa karne, na utawala uliokuwa ukihesabu kodi ya vichwa na vibarua ulitishika. Ndipo alipoletwa Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1908 alichapisha dai kwamba kaswende imewapata kiasi cha asilimia 80 ya watu wa Buganda, na akataja chanzo bila kusita: Ukristo na utawala mpya umewaondoa wanawake chini ya ulinzi mkali wa machifu na waume zao, nao wameutumia uhuru huo vibaya. Machifu hawakuona sababu ya kumpinga mtu aliyekuwa akiwarudishia hoja yao wenyewe. Uchunguzi wa lazima ukaanzishwa, na Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya taifa, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa ya zinaa. Miongo minne baadaye madaktari waliopitia upya ushahidi, akiwemo J. N. P. Davies wa Makerere, waliona kwamba sehemu kubwa ya kilichohesabiwa kuwa kaswende ya zinaa yalikuwa maradhi ya ngozi yanayofanana nayo, ambayo watoto huambukizana bila zinaa yoyote. Hesabu ilikuwa mbovu. Sera iliyojengwa juu yake, hata hivyo, ilikuwa imeshamweka mwanamke mahali pake: chanzo cha tatizo, na mtu wa kukaguliwa.

Haki ya upande wa pili isemwe. Katharine Cook, mke wa Dakta Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, alianzisha shule ya wakunga Namirembe baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wasichana wa Kiganda waliohitimu pale walisambazwa kwenye vituo vya uzazi nje ya mji. Wanawake wengi walijifungua salama mikononi mwao. Ila tuangalie huduma hiyo ilivyotetewa mbele ya watoa fedha: kuokoa watoto, kuongeza idadi ya watu, kujenga familia ya Kikristo yenye ndoa moja. Mama alihudumiwa kwa sababu ya anachozaa. Mwanamke ambaye hakutaka kuzaa, au hakutaka kuzaa wakati ule, hakuwa na mahali katika mpango huo isipokuwa kwenye daftari la dhambi.

Mengo nayo haikukaa kimya. Mwaka 1918 serikali ya Buganda ilikuwa na sheria dhidi ya uzinzi na uasherati, na mwaka 1941 ikafuata sheria ya kuzuia umalaya, iliyowalenga hasa wanawake walioishi mjini bila mume wala baba. Mwanahistoria Nakanyike Musisi ameeleza jinsi wakoloni, wamisionari na wazee wa Buganda, ambao kwa mengine walivutana sana, walivyokubaliana juu ya jambo hili moja: mwanamke anayejitegemea Kampala ni mwanamke mbaya. Waganda waliwaita banakyeyombekedde, wanawake wanaojikalia wenyewe. Wengi waliishi Kisenyi. Aidan Southall na Peter Gutkind, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1950, walikuta mtaa uliosongamana wa vyumba vya kupanga, pombe za kienyeji, watu wa makabila mengi na Kiswahili kikiwaunganisha. Wanawake walipika pombe, waliuza chakula, wengine walimiliki nyumba na kupangisha, wengine walifanya biashara ya mwili. Miongoni mwao walikuwapo Wahaya kutoka Bukoba, ambao viongozi wao wa kiume waliendesha kampeni kali ili wanawake hao warudishwe kwao. Kwa wazee wa Bukoba na wazee wa Mengo, tatizo halikuwa mimba yenyewe. Tatizo lilikuwa mwanamke ambaye mimba yake haikuwa na mwanamume wa kuitolea hesabu.

Wakati mijadala hiyo ikiendelea kwa Kiganda na Kiswahili, kanuni ya mimba ilikuwa imeshaandikwa kwa Kiingereza, mbali sana na bonde hili. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya makosa dhidi ya mwili wa binadamu, na vifungu viwili vya sheria hiyo vikaharamisha kutoa mimba kwa adhabu iliyofika kifungo cha maisha. Uganda ilitawaliwa kwanza kwa kanuni za adhabu za India, kisha mwaka 1930 ikapewa kanuni mpya iliyofanana na za Kenya na Tanganyika, na mwaka 1950 ikapata ile ambayo msingi wake unatumika mpaka sasa. Vifungu vyake vilijulikana kwa namba kwa kizazi kizima cha mawakili na polisi. Cha 141 kinampa miaka 14 anayejaribu kumtoa mwanamke mimba. Cha 142 kinampa miaka saba mwanamke mwenyewe. Cha 143 kinampa miaka mitatu anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumikaje. Halafu kuna cha 224, kilichokaa peke yake mbali na wenzake, kinachosema daktari hana kosa akifanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama.

Uhai wa mama ni nini hasa? Swali hilo lilijibiwa London mwaka 1938, pale Dakta Aleck Bourne aliposhtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Jaji aliwaelekeza wazee wa baraza kwamba kumwokoa mwanamke asibaki kuwa gofu la mwili au la akili nako kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuokoa uhai wake, na Bourne akaachiwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa juu ya mahakama za Kenya, Uganda na Tanganyika, iliukubali mwelekeo huo katika kesi ya daktari wa Kenya. Kwa hiyo Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ilirithi sheria yenye sura mbili. Sura iliyochapishwa ilikuwa ya marufuku. Sura ya pili, iliyokuwa kwenye vitabu vya hukumu, iliacha mlango wazi kwa afya ya mwili na ya akili, lakini ili kuuona mlango huo ilibidi uwe na wakili, au uwe na daktari mwenye wakili. Uingereza yenyewe iliachana na utata huo mwaka 1967 kwa sheria mpya. Uganda ilibaki nao.

Miaka iliyofuata naipita upesi, kwa sababu katika jambo hili maandishi hayakubadilika hata yalipobadilika mengine yote. Falme zilifutwa mwaka 1967, na muda mfupi baadaye Mengo na Kibuga vikaunganishwa na jiji, Kisenyi ikiwemo. Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, mwaka uleule aliowafukuza Waasia, na mfumo wa afya ukaanza kuporomoka. Vita vikafuata. Kilichobaki kwenye Kanuni ya Adhabu kilikuwa kilekile cha 1950.

Nafasi ya kukitazama upya ilikuja na katiba mpya. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi kukusanya maoni, Bunge la Katiba likajadili, na Katiba ya 1995 ikaja na ibara ya 22(2): hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa kama itakavyoruhusiwa na sheria. Tuisome taratibu. Katazo linaanza kazi siku ileile katiba inapoanza. Ruhusa inaahirishwa hadi Bunge litakapotunga sheria. Bunge halijatunga. Ibara ya 33 inalitaka dola lilinde haki za wanawake kwa kuzingatia majukumu yao ya kimaumbile ya uzazi, maneno mazuri yanayobeba fikra ya zamani ya Namirembe kwamba mwanamke analindwa kwa sababu ya tumbo lake. Kifungu cha 224 hakikutajwa popote, na hivyo wanasheria wamebaki wakibishana kama ndicho hicho "sheria" inayosemwa na ibara ya 22, au kama ibara hiyo inadai sheria nyingine kamili.

Baada ya hapo dola lilianza kusema kwa sauti kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha Maputo mkataba wa nyongeza kuhusu haki za wanawake, na ibara yake ya 14 ikazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu panapotokea ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, au hatari kwa afya ya mama. Uganda ilitia saini mwaka huohuo. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa huduma za uzazi ulioorodhesha wanaostahili huduma hiyo, wakiwemo waliobakwa, waliotiwa mimba na ndugu, na wenye VVU wanaoiomba. Ukiusoma mwongozo huo peke yake utadhani jambo limekwisha. Lakini mwaka 2010, Uganda ilipouridhia mkataba wa Maputo, iliweka masharti. Haikukubali kwamba mwanamke ana haki ya kuamua uzazi wake bila kujali kama ameolewa, na ilisema kipengele cha kutoa mimba hakitaifunga mpaka iwepo sheria ya ndani inayoruhusu jambo hilo waziwazi. Hapa ndipo mzunguko unapofungika. Katiba inasubiri sheria. Mkataba nao unasubiri sheria. Mwongozo wa wizara unaruhusu, lakini mwongozo si sheria, na mkunga aliyeufuata akifikishwa kituo cha polisi atasomewa Kanuni ya Adhabu.

Wizara ilijaribu tena. Mwaka 2015 ilitoa viwango na miongozo ya kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama, waraka wa kina kuliko ule wa 2006, ulioeleza nani anaweza kutoa huduma, kwa njia gani, katika daraja gani la kituo. Viongozi wa dini walipinga, na mapema mwaka 2016 waraka ukasimamishwa. Mwaka huohuo wa 2016 serikali ilipiga marufuku elimu ya jinsia shuleni, ikisema inaharibu maadili. Mtu anaweza kuona katika hayo ushindi wa maadili dhidi ya urasimu. Mimi naona kitu kingine. Waraka wa 2015 haukutangazwa kuwa ni kinyume cha katiba na mahakama yoyote, wala Bunge halikukaa likatunga sheria ya kuufuta. Uliwekwa kando tu. Anayeweka kando anabaki na uwezo wa kurudisha, na asiyejua utarudishwa lini hana la kufanya ila kuogopa.

Kisenyi woga huo una anwani. Kituo cha Afya cha Kisenyi, cha daraja la nne chini ya Mamlaka ya Jiji la Kampala, hupokea wajawazito wengi wa tabaka la chini katikati ya jiji, na tangu ada za huduma zilipofutwa katika vituo vya serikali mwaka 2001 mwanamke haulizwi pesa, angalau kwa mujibu wa karatasi. Akifika akivuja damu baada ya mimba kuharibika, kwa njia yoyote ile, sera inataka atibiwe. Akifika wiki moja kabla, akisema alibakwa na hataki mimba hiyo, mhudumu anaanza kupima nafsi yake: kazi yake, leseni yake, na jirani atakayepiga simu polisi. Mara nyingi jibu rahisi ni kumrudisha nyumbani. Mtaani kuna duka la dawa, kuna mtu anayejua mtu, kuna mizizi na vidonge vinavyouzwa bila maelezo. Wengi wa wakazi wa sasa wana hali ya mashaka hata kabla ya mimba: wanawake wa Karamoja wanaookota nafaka zilizomwagika na kulala barabarani, ambao jiji limekuwa likiwakamata na kuwarudisha kwao, na wakimbizi wa Kisomali wanaoishi kwa karatasi za muda. Mtu asiye na uhakika kama ana haki ya kuwa mjini hataenda kudai haki iliyofichwa kwenye kifungu cha 224.

Takwimu zinaeleza matokeo. Watafiti wa Taasisi ya Guttmacher na wenzao wa Uganda walikadiria mimba 297,000 zilizotolewa nchini mwaka 2003, yaani 54 kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa kuzaa. Kwa mwaka 2013 makadirio yalikuwa 314,300, kiwango kikiwa kimeshuka hadi 39 kwa 1,000, na kanda ya Kampala ikiongoza kwa 77. Takribani wanawake 93,000 walitibiwa mwaka huo kwa madhara yaliyofuata. Ni makadirio, na makadirio ya jambo la siri lazima yasomwe kwa tahadhari. Hata hivyo mwelekeo wake una maana. Sheria haikubadilika kati ya miaka hiyo miwili hata kwa nukta, ilhali kiwango kilishuka. Kilichobadilika ni kwamba wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango waliongezeka kutoka asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2006 hadi 26 mwaka 2011. Siwezi kusema hilo pekee ndilo chanzo, lakini adhabu haiwezi kudai sifa kwa upungufu uliotokea bila yenyewe kuguswa.

Pingamizi la kwanza linajulikana: watu wa Uganda ni watu wa dini, na kutoa mimba ni jambo la kigeni linaloletwa na mashirika ya nje. Wapo wanaojibu haraka kwamba sheria yenyewe ni ya kigeni, imetoka Uingereza ya Malkia Victoria. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi. Ukristo na Uislamu wa Buganda una umri wa karibu karne na nusu au zaidi, umekuwa wa wenyeji, na ibara ya 22(2) ilijadiliwa na wananchi wa mikoa yote, si na gavana. Lakini mtu anayeamini kwa dhati kwamba kiumbe kilichomo tumboni kina uhai kamili anapaswa kuwa wa kwanza kudai sheria iliyo wazi. Hali ilivyo haimlindi mtoto huyo. Inamwacha mama yake aende kwa asiye na ujuzi. Na kuhusu mashirika ya nje, ushawishi unatoka pande zote. Oktoba 2020 Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizodhamini tamko lililoitwa la Geneva, likiongozwa na serikali ya Donald Trump, lililotangaza kwamba hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba. Siku hiyo hakuna aliyelalamika kuhusu ajenda za kigeni.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Linasema: sheria hii haitumiki sana, wanaofungwa ni wachache, basi kwa nini kuchokoza jambo litakaloligawa taifa? Afadhali utata wenye huruma kuliko uwazi utakaoleta marufuku kamili. Hoja hii ina watetezi hata miongoni mwa madaktari wanaowahurumia wanawake, na hofu yao si ya bure. Bunge la Uganda la miaka ya karibuni si bunge la kulipelekea jambo hili kwa uzembe. Lakini huruma ya utata hugawiwa kwa kipimo cha mfuko. Mwanamke mwenye daktari wake hupata tafsiri ya Bourne. Wa Kisenyi hupata kifungu cha 142. Kukamatwa nako huumiza hata pasipo hukumu, kwa kuwa simu ya polisi, usiku mmoja mahabusu na fedha za kumalizana vinatosha kumfundisha mkunga asiguse tena kesi kama hiyo. Sheria ya namna hii haihitaji magereza yajae ili ifanye kazi.

Majirani wameonyesha kwamba mzunguko unaweza kukatwa. Rwanda, iliyokuwa nayo imeweka sharti kwenye mkataba wa Maputo, ililiondoa mwaka 2012, na kanuni yake ya adhabu ya 2018 ikaondoa ulazima wa mwanamke aliyebakwa kwenda kwanza mahakamani kuomba kibali. Kenya iliandika ruhusa yake ndani ya Katiba ya 2010 yenyewe, ibara ya 26(4), na wizara yake ilipofuta miongozo mwishoni mwa 2013, kama ilivyokuja kutokea Kampala, Mahakama Kuu iliamua Juni 2019 kwamba kuifuta kulivunja haki za wanawake. Kenya bado ina kesi, woga na vifo. Sidai kwamba uamuzi wa mahakama hujenga zahanati. Lakini majaji walipata kitu cha kushika, kwa sababu ruhusa ilikuwa imeandikwa.

Uganda nayo imejaribu njia ya mahakama. Mwaka 2011 CEHURD, shirika la kutetea haki za afya, lilifungua shauri kuhusu wanawake wawili waliokufa wakijifungua katika hospitali za serikali, Mityana na Arua. Mahakama ya Katiba ililitupa mwaka 2012 ikisema ni suala la kisiasa. Mahakama ya Juu ikaamuru mwaka 2015 lisikilizwe. Na Agosti 2020 majaji wakatamka kwamba serikali, kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi, ilivunja katiba. Miaka tisa, lakini ukimya wa serikali ulihesabiwa kuwa kosa. Mwaka 2017 shirika hilohilo, pamoja na wanasheria wawili, lilifungua shauri jingine likidai kwamba Bunge limekiuka katiba kwa kutotunga sheria inayosubiriwa na ibara ya 22(2). Hoja yao haiombi mahakama iamue lini mimba itolewe. Inaomba Bunge lilazimishwe kuamua, kwa upande wowote, kwa maandishi na mbele ya wapiga kura. Kuna sababu wanasiasa wameliepuka ombi hilo dogo: atakayeliandika atalazimika kuhesabiwa, ama na viongozi wa dini, ama na wanawake wanaofikishwa Kisenyi wakivuja damu.

Julai 2024 yalianza kutumika mapitio mapya ya sheria zote kuu za Uganda. Kanuni ya Adhabu ilipewa sura mpya, namba 128, na vifungu vyake vikapangwa upya, hivyo 141, 142 na 143 si namba zilezile tena. Polisi na wakunga wamelazimika kujifunza namba mpya. Adhabu zilizomo ni zilezile za 1950, na ibara ya 22(2) haijapata sheria iliyokuwa ikiingoja.